Tuko sita tunachora katuni, tunataka kuhamia keja moja Ngara. Ni wazo ama ni balaa?

Penseli_Ngara

Habari zenu wasee. Niko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Nairobi, UoN, kampasi kuu na kuna swali limetukalia kwa kichwa mimi na marafiki zangu tangu semesta ifungwe. Tuko sita, watatu UoN, mmoja TUK (Technical University of Kenya), wawili wako koleji za hapa tauni. Kitu kilitukutanisha ni kuchora. Tunafanya katuni za kutembea, zile fupi za dakika moja mbili, tunaposti, na tumeanza kupata vikazi vya matangazo hapa na pale, sio pesa ya kutisha lakini inanunua bando na chapo ndengu.

Shida ni kila mtu anakaa kwake. Mmoja Kahawa West, mmoja Rongai, mimi niko bedsita hapa Ngara ile ukinyoosha miguu umegusa mlango, na mwenye ana kompyuta ya nguvu anakaa kwa shangazi yake Umoja na huko ikifika saa mbili usiku wageni wote nje. Kila faili inabebwa na flashi ama inaachwa ipande na waifai ya mtu mpaka asubuhi. Tukipewa kazi ya haraka tunakutana kwa mkahawa, unaagiza chai moja unaikalia masaa manne, weita anakuangalia vibaya, na bado soketi iko moja.

Sasa kuna nyumba tumeona, zile za mawe za zamani za Ngara, vyumba vitatu, sitingirumu kubwa na SQ, kile chumba kidogo cha nje, nyuma. Kodi 48,000 kwa mwezi, dipoziti mwezi mmoja, na dipoziti ingine ya maji na stima. Tukigawanya sita ni ngiri nane kila mtu na mimi sai nalipa 11 kwa hiki kishimo. Darasani ni kutembea tu unapita Globe umefika. Sitingirumu tungeifanya studio, meza ndefu, mashine zote hapo, mtu akikwama kwa mchoro anageuka tu anauliza jirani.

Nimesoma majuu universiti zina nyumba za hivi, wanaopenda muziki wako na yao, wanaojifunza Kihispania yao, wa mazingira yao. Kuna mtu amejaribu hii kitu hapa Nairobi? Siongelei kushea rumu na mtu juu ya kusevu doh, hiyo kila mtu amefanya, naongelea watu kuamua kuishi pamoja sababu wanapenda kitu kimoja. Iliwaendea aje? Na tusipopatana? Tuko wavulana wanne na wasichana wawili, hiyo pia niambieni.

---

Kaka_wa_Wendani

Karibu Penseli. Hii kitu iko Nairobi kitambo, ni vile haijapewa jina kubwa. Nenda Wendani, nenda Kahawa Sukari, nenda Kikuyu karibu na kampasi, uliza nyumba ya mabradha wa CU, ule umoja wa Wakristo chuoni, utaelekezwa mpaka mlangoni. Nilikaa moja nikiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, KU. Tulikua watano kwa tu-bedrumu, maombi saa kumi na moja asubuhi, usipoamka unaimbiwa mlangoni mpaka aibu ikuamshe.

Watu wakiskia hivyo wanadhani maombi ndio yalishikilia nyumba. Yalisaidia, sikatai, lakini nyumba ilishikwa na kaunta buku. Ilikua imefungwa na kamba kwa mguu wa meza ya jikoni ndio mtu asitoke nayo. Ukurasa wa kushoto ni pesa, nani ametoa kodi, nani ametoa ya unga, nani alijaza mtungi wa gesi. Kulia ni zamu, nani anapika leo, nani anaosha choo, nani anajaza madumu siku mfereji umeleta maji. Mtu akinunua nyanya za mia anaandika. Kuna jamaa mmoja alikua anaandika mpaka kibiriti, tulimcheka sana, halafu siku ya kupiga hesabu tukapata amechangia jikoni kuliko sisi wote. Siku watu wamekasirikiana hakuna kelele, kitabu kinafunguliwa.

Kitu kinavunja hizi nyumba sio tabia za usiku wala muziki, ni likizo. Na mgomo. Walimu waligoma, masomo yakasimama, watu wakarudi ocha, mmoja Kitale mwingine Kitui, na landilodi hana habari na mgomo, yeye tarehe tano anataka yake. Hao wawili wakasema hawawezi lipia kitanda hawalalii. Kwa upande wao ni kweli, na sisi tuliobaki pia tulikua na haki. Kilichotuokoa ni kitu tuliita gunia, kila mtu alikua anaweka mia tano kwa mwezi hata kama amesota, na HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiingia unaweka za miezi ijayo mbele. Hiyo ndio ilifunika pengo. Bila gunia tungetupiwa vitu nje.

Kwa hivyo kabla hamjabeba hata godoro moja ongeeni hii: mtu akienda atachimenti ya kazi Mombasa miezi mitatu, analipa yote, nusu, ama analeta mtu wa kukalia nafasi yake? HELB ikichelewa nani ana uwezo wa kusukuma mwezi mmoja? Msiseme tutaona huko mbele. Huko mbele mtu ako basi ya Kitale na simu imezimwa.

---

Fowadi_Namba8

Mimi nitakua tofauti. Nilikaa na wasee wa timu, raga asubuhi, raga jioni, raga kwa chakula. Mwanzo ni tamu balaa. Halafu kochi anamweka mmoja benchi na anaweka mwingine, na hao wawili wanalala rumu moja. Mtu anakunywa uji bila kukusalimia wiki nzima.

Nyinyi mnafanya biashara pamoja, ata ni mbaya zaidi. Klayenti akikataa mchoro wa mtu, huyo mtu atapeleka wapi hasira? Rumuni kwake, penye mko. Maoni yangu: kaeni kila mtu kwake, changeni mkodishe chumba kimoja cha kazi hapo River Road ama Ngara juu ya maduka, kufuli moja, funguo sita. Mkikosana mnafunga mlango kila mtu anaenda kulala kwake.

---

Penseli_Ngara

@Fowadi_Namba8 tulifikiria hiyo ya ofisi buda. Shida kazi yetu ni ya usiku, na hayo majengo ya maduka mengi mlinzi anafunga geti saa tatu. Na bado kila mtu anabaki na kodi yake, sasa ni kodi mbili.

@Kaka_wa_Wendani hiyo ya gunia nimeiandika. Ya atachimenti hatukua tumewaza kabisa, na wawili wetu wanaenda mwakani.

---

Wakili_Bado

Nasoma sheria, bado sijafika mbali, kwa hivyo chukueni hii kama ya mwanafunzi na sio ya wakili wa kulipwa. Swali sijaona mtu ameuliza ni hili: nani anaweka sahihi?

Njia ni mbili. Ya kwanza mmoja wenu anaandikisha kwa jina lake na watano wanakua wageni wake tu. Hapo watatu wakihepa, landilodi hawajui hao, anakujua wewe, na unadaiwa 48,000 nzima. Tena mikataba mingi ya Nairobi ina kifungu kinakataza mpangaji kupangisha mwingine bila ruhusa ya maandishi, kwa hivyo kuchukua pesa za wenzako tu unaweza kua ushavunja mkataba. Njia ya pili mnaweka sahihi wote sita, na hiyo ndio napendelea, lakini msidhani kila mtu amejifunga na ngiri nane peke yake. Someni kama mkataba unasema mnawajibika wote kwa pamoja na kila mmoja kivyake. Ukisema hivyo landilodi ana haki ya kushika mmoja, yule mwenye anapatikana haraka, alipe yote, halafu huyo ndio akimbizane na wenzake.

Ndio maana mnahitaji karatasi mbili, moja na landilodi na moja yenu nyinyi kwa nyinyi. Watu wa Nairobi tuko na aibu ya kuandikishana na marafiki, unaonekana humwamini mtu. Andikeni tu. Kila mtu analipa ngapi na tarehe gani. Anayetaka kutoka anatoa notisi ya mwezi na analeta mtu ambaye waliobaki wamekubali, na anayeingia ndio anamrudishia dipoziti yake, sio nyumba. Kompyuta ni ya nani, tableti ya kuchorea ni ya nani, ile meza ndefu mlichangia itabaki na nani.

Na kwa vile nyinyi ni wachoraji kuna ya ziada: mhusika mkimtunga watu wanne halafu mmoja atoke, mhusika ni wa nani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inatambua kazi ya watunzi wa pamoja, pale ambapo huwezi tenganisha mchango wa huyu na wa yule. Kwa hivyo anayehama anatoka na godoro lake lakini haki yake kwa yule mhusika haijaisha. Amueni mapema mtagawana aje mkipata pesa, na mkiwa siriasi kazi inaweza sajiliwa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki.

Mkikosana na landilodi juu ya dipoziti msiende ile tribunali ya kodi za nyumba, hiyo sheria yake inashughulika na nyumba za kuishi za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, sijui ni nyumba gani Nairobi hii lakini ndivyo iko. Yenu ni Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai mpaka milioni moja, kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60, na unaweza jitetea mwenyewe. Wekeni risiti zote na piga picha kila ukuta siku ya kuingia, hata ule ufa mdogo nyuma ya mlango.

---

Binti_wa_Buru

Nimeona umetaja majuu nikaona niingie. Mimi ni wa Buruburu lakini digrii nilifanyia Cornell, iko Ithaca, jimbo la New York, baridi ya huko wacha tu. Hizo nyumba ziko kweli. Niliishi kwa moja inaitwa Ujamaa, eeh jina letu kabisa, ilianzishwa 1972 kwa ajili ya wanafunzi wanaotaka kujua historia na maisha ya watu weusi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba, sio lazima uwe mweusi. Kila wiki kuna kikao, watu wanajaza sebule wanajadili mada moja, siku zingine mnatoka hapo mmekasirika lakini mmesikia. Ingine inaitwa Risley, ya wasanii, tangu 1970, hiyo ina ukumbi wa maigizo ndani ya jengo lenyewe, mtu anashuka ngazi na slipa anaenda mazoezi.

Lakini angalieni kitu kimoja. Kule jengo ni la universiti. Mtu akihama, ofisi inajaza chumba. Bomba likipasuka, ofisi. Kuna wanafunzi wakubwa wamepewa kazi ya kusimamia kila sakafu, na kuna mtu mzima ameajiriwa kuangalia nyumba nzima. Wewe mwanafunzi umebakishiwa ile sehemu tamu peke yake, kuja na gitaa lako. Nyinyi hapo Ngara mtakua wanafunzi, ofisi, keateka na fundi wa bomba, wote kwa watu sita walewale, na bado mna mitihani.

Mfano unaowafaa zaidi uko Berkeley, California. Huko wanafunzi walianzisha ushirika wa nyumba 1933, wakati uchumi wa Marekani ulikua umeanguka na watu hawana kodi, na mpaka leo unaendeshwa na wanafunzi wenyewe. Kila mtu anatoa kama saa tano za kazi kwa wiki, kupika, kusugua, kununua chakula cha nyumba, na hiyo ndio inashusha bei. Baadhi ya hizo nyumba zina mada, kuna moja ya wasiokula nyama, ingine ya wanafunzi weusi. Lakini hata ukiwa unapenda mboga kiasi gani zile saa tano unadaiwa. Kazi ilikuja kwanza, mada zikafuata, na naona hiyo ndio sababu bado wako.

Kuna ile ingine huwa inanisumbua. Wisconsin, 1927, jamaa anaitwa Alexander Meiklejohn alianzisha koleji ya majaribio, wanafunzi na walimu wao jengo moja, mwaka wa kwanza wote wanasoma Athens ya kale, wa pili wanasoma Marekani. Watu bado wanaiandika mpaka leo vile ilikua ya ajabu. Ilifungwa 1932. Sababu zilikua nyingi lakini moja ni hii: wapya wanaojiunga walizidi kupungua. Sasa nyinyi mko sita, nadhani wengi ni mwaka mmoja. Mtamaliza siku moja. Kama mnataka tu mahali pa kufanya kazi mpaka grajueshen, sawa, hiyo ni plani halali kabisa. Kama mnataka nyumba ibaki, mwachie SQ mtoto wa fasti-yia anayejua kushika penseli, na mwaka ujao mwingine.

Halafu nyongeza ndogo, hata hapa kwetu kuna kitu kama hicho bila mtu kupanga. Upper Kabete ni ya mifugo na kilimo, ukilala huko utaskia habari za ng'ombe mpaka kwa ndoto. Kikuyu ni waalimu. Watu wanaishi na wa kozi yao na hakuna mtu huona ni ajabu.

---

Penseli_Ngara

@Binti_wa_Buru siz asante sana, hiyo ya ofisi imenigonga. @Wakili_Bado nimewatumia wenzangu kwa grupu, mmoja ameniuliza kama sasa nimeanza kuwashuku 😂 vile ulisema tu.

Sasa ile swali ya wasichana na wavulana hakuna amegusa. Wazazi wa mmoja wa hao madada bado hawajaambiwa. Na je Qwetu? Kuna mmoja wetu anasema badala ya haya yote tuende tu zile hosteli zao, ziko Parklands, Ruaraka na kule karibu na Wilson, zina vyumba vya kusomea na usalama, kila mtu na chumba chake, tukutane chini.

---

Mama_Kodi

Penseli mwanangu, mimi nina nyumba za kupangisha, sio Ngara, na nimepangishia wanafunzi tangu wangu mwenyewe akiwa chuo. Hebu niwaambie upande wa huku.

Msije kwa mwenye nyumba mmoja amevaa suti akisema ni ya familia, halafu usiku mnaingiza magodoro sita. Tunajua. Maji yanatuambia. Mtu mmoja akioga na kupika na kufua vizuri anatumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, na hapo sijahesabu choo. Nyinyi sita ni lita 240. Kama hapo nyuma kuna tangi la lita elfu moja, siku nne limeisha, na mgao wa maji Nairobi mnaujua wenyewe. Siku ya tano mnanipigia simu mimi mnasema nyumba haina maji. Kwa hivyo kabla ya kuuliza rangi ya ukuta ulizeni tangi ni kubwa kiasi gani na mfereji huja siku gani.

Njoni wote sita siku moja, na vitambulisho na barua za chuo, mseme tuko sita, tunafanya kazi ya kompyuta, haina kelele. Mwenye nyumba anaogopa vitu vitatu, sherehe, sita kuwa kumi na tano, na kuambiwa mwezi wa pili kwamba HELB haijaingia. Mkimtolea hofu hizo mbele atapunguza hata kodi. Mimi kuna kikundi cha wasichana walinilipa muhula mzima mara moja, nikawashusha kiasi na nikawapakia rangi chumba walichotaka, tena rangi waliyoichagua wao, zambarau, sitaki hata kuikumbuka.

Hiyo ya wasichana na wavulana, kwangu mimi mwenye nyumba si neno mradi mnaheshimiana, lakini kwa mzazi ni neno kubwa na ana haki. Wapeni wasichana chumba chenye bafu ndani, chenye kufuli yake, na wao ndio waweke funguo ya akiba, sio nyinyi. Halafu mwalikeni huyo mama aje aone nyumba mchana, apikiwe chai, akae. Akisikia kwa mtu mwingine kwanza hapo mmeharibu, hata mkiwa malaika.

Na wageni. Andikeni mgeni analala usiku ngapi. Mpenzi wa mtu akikaa wiki mbili huyo ni mpangaji wa saba na anaoga.

---

Kaka_wa_Wendani

@Mama_Kodi hiyo ya mgeni wa wiki mbili mathe umegonga penyewe 😂😂

@Penseli_Ngara kuhusu hosteli za kulipia, ni poa kama mzazi ndio analipa. Usalama uko, waifai iko, hakuna kujaza madumu. Lakini huwezi weka meza yako ndefu huko, na huwezi amua nani anakua jirani yako mwaka ujao. Pigeni hesabu vizuri, bei huenda kwa kitanda na rumu ya mtu mmoja huwa juu kuliko ya kushea. Mkiwa hamna haja na studio nendeni huko, mtalala usingizi.

---

Waya_na_Nati

Mimi ni fundi stima, sio mwanafunzi, nimepitia tu. Hizo nyumba za Ngara nimezifanyia kazi. Nyingi waya ni za kitambo, zilipigwa wakati nyumba ilikua na balbu, redio na pasi. Sasa nyinyi mnaleta kompyuta sita sitingirumu moja yenye soketi mbili. Msichomeke eksitensheni juu ya eksitensheni. Siku ya kuangalia nyumba fungua ile boksi ya swichi kubwa, kama ni fyuzi za waya na sio brekari za kisasa ambia landilodi abadilishe kabla hamjalipa kitu, na uulize arthi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini, iko. Mkishaingia hatabadilisha.

Halafu tokeni za stima. Najua mtapigania kompyuta, nani anarenda, kuachia mashine itoe video, usiku kucha nani ana lapi ndogo. Ngoja niwape hesabu. Kompyuta ya nguvu ikifanya kazi ngumu chukua wati 400, masaa kumi ni uniti nne. Sio kila siku, siku za kazi tu. Sasa shawa ya instanti, ile ya kuoga maji moto, ni kama kilowati tano. Mtu akioga dakika kumi amekula karibu uniti moja. Sita wakioga kila siku ni uniti tano, mwezi 150, kompyuta haijawashwa bado. Na vile bei imepangwa kuna wa uniti 0 mpaka 30, wa 31 mpaka 100, na wa kupita 100, ukipanda ngazi kila uniti inakua ghali. Kila mmoja wenu akiwa kwa bedsita yake na mita yake alikua huko chini. Mkijumuika mita moja mmepanda wote. Kwa hivyo ile ngiri nane kwa mwezi sio ngiri nane, ongezeni.

Bafu iwe na zamu ama chemsheni na gesi. Na wekeni sabmita, mita ndogo ya pembeni, kwa studio ndio mjue kazi imekula ngapi na nyumba imekula ngapi, ya kazi itoke kwa pesa ya klayenti.

---

Penseli_Ngara

Waah, fundi, shawa sikua nimeiwaza hata kidogo, tulikua tumeshapigana juu ya kurenda 😂

Wasee, apdeti. Tuko watano. Mwenye anakaa kwa shangazi Umoja amekataliwa nyumbani, wanasema kwao hakuna kodi na hawaoni maana ya kulipa mahali pengine. Ndio yeye mwenye kompyuta kubwa. Ameahidi atakua anakuja mchana na mashine itakaa kwetu, lakini sasa 48,000 gawanya tano ni 9,600, na kuna mmoja ameshasema mwisho wake ni tisa.

---

Wakili_Bado

Mashine yake ikikaa kwenu na yeye sio mpangaji, andikeni leo. Ikiibiwa ama ikiungua na zile waya fundi amesema, nani analipa? Hiyo msiache kwa ahadi ya mdomo hata kama ni rafiki wa tangu praimari.

---

Binti_wa_Buru

SQ toeni kwa mtu wa nje ya kikundi, ila anayechora. Tangazeni hapo kampasi kwa ubao, mwombeni alete michoro na pia namba ya keateka wa mahali alikua anakaa. Mkipiga hiyo namba mtajua yote.

---

Fowadi_Namba8

Mwanzo wa mwezi tu, watu sita wamekua watano na hamjaingia hata nyumba. Niko hapa nangoja.

---

Penseli_Ngara

@Fowadi_Namba8 wewe ngoja tu buda, tutakuchora ukiwa benchi.

Tunaenda kuangalia nyumba Jumamosi asubuhi, wote watano na vitambulisho vile mama amesema. Nitauliza tangi, siku za maji, boksi ya swichi, arthi, na kama SQ ina mita yake. Kifungu cha kuwajibika pamoja @Wakili_Bado nikikutumia mkataba kwa inbox unaweza nipitishia macho?

---

Wakili_Bado

Tuma. Lakini kabla ya Ijumaa, Jumamosi nina kati, mtihani wa darasa.

---

Kivuli_cha_Kalamu

Samahani naingilia. Niko fasti-yia TUK, nachora mandhari za nyuma, zile za mitaa na matatu, watu sijui sana. Sai nakaa Huruma kwa bro. Hiyo SQ itakua ngapi?

---

Penseli_Ngara

Tunafikiria 7,500, haijaamuliwa, tungoje Jumamosi. Nitumie michoro tatu. Na namba ya keateka kama bro yako anaye.

---

Kivuli_cha_Kalamu

Michoro nimetuma. Keateka wa huku ndio huyo bro.